Makro ya Sindano

Ofisini walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Kompyuta alikuwa nazo mbili, ndoto moja: kazi yake iingie kwenye kiini cha mfumo endeshi, ule moyo unaoiamsha mashine kabla mwenyewe hajaona chochote kwenye kioo.

Kiini kilikuwa na bawabu wake, mhandisi wa mbali aliyejulikana kwa barua pepe tu. Walimbatiza Kisu, maana kazi za watu alizirudisha bila hata pole.

Sindano alikuwa ameona kasoro. Kompyuta ikigawanya namba nzima, mabaki huyatupa kama maganda ya karanga: saba kwa mbili ni tatu, yameisha. Ukipanga data vipande vipande, kipande cha mwisho kinakosa pa kulala. Kila mwandishi wa programu alikuwa na kiraka chake cha kupandisha jibu, saba kwa mbili iwe nne, na viraka vingine vinavuja. Basi akaandika makro, jina fupi linalogeuka hesabu kamili popote unapoliweka, ili wote wapandishe namba kwa njia moja. Akatuma, kisha akamtangazia dada yake, aliyeishi naye chumba kimoja, ajiandae kuishi na mtu maarufu.

Jibu la Kisu likaja fupi: "Ipe namba inayosonga mbele kila ikiguswa."

Akajaribu. Namba ikaruka hatua mbili badala ya moja. Kumbe makro hainakili jibu, inanakili maneno yenyewe, naye ndani yake alikuwa ameitaja namba hiyo mara mbili. Ni kama kumwagiza mtu chumvi, ukamkumbusha, akakuletea pakiti mbili.

Dada aliposikia hakuwa na huruma. "Haya, maarufu, vyombo vinakungoja."

Akaviosha huku akijicheka, na mikono ikiwa bado na povu dawa ikamjia: iguse namba mara moja tu, jibu liweke pembeni, hesabu ifanyike na hilo la pembeni. Akatuma tena. Chakula kikamshinda.

Asubuhi Kisu akaandika: "Imeingia. Waambie wenzako wavitupe viraka vyao."

Sindano akamwamsha dada yake, akamvuta kutoka kitandani, wakacheza dansi bila muziki, shuka likiburuzwa. Kisha akaweka kiini kipya kwenye kompyuta, kidole juu ya kitufe.

"Ikiwaka, ni mimi hiyo."

"Na isipowaka, mdogo wangu?"

"Hiyo itakuwa Kisu."

Ikawaka.