Bisi za Karani

Tarehe 9 Agosti, manyunyu tangu alfajiri. Karani mstaafu wa mahakama alitoa mfukoni orodha yake ya vyakula vinavyopandisha sukari haraka, akausukuma wali wa mkwewe Sulekha kwa ncha ya kidole. Kisha, kama kila siku, akajaza bakuli bisi za mchele.

"Baba, hizo zinapandisha kuliko wali. Daktari atakikata hicho kidole cha mguu chenye kidonda!"

"Hebu puliza, mwanangu, uone zinavyoruka. Kitu kinachopeperuka kitapandisha nini?"

Mzee alipolala mchana, Sulekha aliziandika bisi juu kabisa ya orodha.

Asubuhi iliyofuata karani aliyakata maandishi hayo kwa wino mwekundu, kwa rula, akaandika pembeni, "Nyongeza haina sahihi." Akaunyoosha mguu wenye bandeji, akajaza bakuli.