Aliyepandishwa Akiwa Hai

Itale ni kijiji kamili, kina mwenyekiti na muhuri wake, ila barabara hakina. Ukitoka Bariadi utapanda pikipiki, utapita mashamba ya pamba mpaka uyachoke, na ukifika pale kwenye zahanati dereva atazima injini akuoneshe mlima kwa kidevu. Kuanzia hapo ni miguu yako. Njia inapenya kati ya mawe makubwa kuliko nyumba, na katikati pana mahali panaitwa Ngazi, ingawa hakuna fundi aliyewahi kujenga ngazi yoyote pale. Ni miamba tu imepangana, na ukikosea mmoja, iliyobaki utaishuka kwa mgongo. Wenyeji wameizoea. Wanashuka na magunia ya pamba kichwani huku wanapiga soga.

Mgonjwa asiyeweza kutembea hushushwa kwa machela. Ni miti miwili mirefu na ngozi ya ng'ombe iliyokazwa katikati kwa kamba, nayo huwekwa kanisani, nyuma ya benchi la mwisho. Kila kaya hutoa mabega. Kaya isiyotoa, nzengo, yaani jumuiya nzima ya kijiji, huikalia kikao, na kikao cha nzengo usikiombe. Kazi yenyewe iko mbele. Wakati wa kushuka uzito wote humlalia mtu wa mbele, na yeye ndiye anayetoa amri, wengine wanafuata. Mtu wa mbele wa Itale alikuwa Mboje, tangu Esteria binti yake angali anabebwa mgongoni na mama yake.

Mboje hakuwa na makuu. Ng'ombe wake ungewahesabu ukawamaliza kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa Msukuma hiyo ni sawa na kusema mtu hana kitu. Kwenye mikutano alikaa nyuma, na akiulizwa maoni alisema aliyesema kabla yake amesema vizuri. Lakini mwingize chini ya mti wa machela, mdomo unafunguka. "Jiwe kushoto. Wa nyuma, shika. Bega limelala, inua." Mwenyekiti mwenyewe aliwahi kushushwa na tumbo la kuhara, na njia nzima alitii kama mtoto wa chekechea.

Machela hupanda pia, na hapa msikilizaji asinipite. Aliyepona hupanda kwa miguu yake, hata kama atapumzika kila penye kivuli. Kinachopanda kwa machela ni maiti tu, inayorudishwa kuzikwa kwao. Kwa hiyo mwanamke wa Itale akiwa shambani, akiona machela inapanda ina mtu, haulizi ni nani. Anaweka mikono kichwani, analia. Na kuna neno wanalolisema pale, kwamba mtu aliyeliliwa kilio cha msiba angali hai, mwaka hamalizi. Walikolitoa hakuna anayejua, lakini ukibisha utabisha peke yako.

Basi goti la Mboje likaanza kuharibika. Mara ya kwanza alipepesuka pale Ngazi akiwa amembeba katekista mwenye malaria, akasema amekanyaga jiwe bovu. Wote wakalilaani jiwe. Mkewe, Minza, hakudanganyika, maana ndiye aliyekuwa akilikanda goti hilo kwa maji moto na chumvi, na aliliona linavyozidi kuvimba.

"Baba Esteria," alimwambia, "hili goti limekwisha. Mwachie Luhende hiyo nafasi."

Luhende alikuwa kijana mwenye mgongo mpana na adabu zake, na kila mtu alijua nafasi itakuwa yake siku moja. Mboje akatia pamba masikioni. Aliogopa, na alijua anaogopa. Maumivu aliyamudu, kilichomtisha ni kuwa mzee wa kukaa uani, kazi yake kufukuza kuku wasile michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa.

Mwaka juzi, msimu wa kuchuma pamba, Kabula, dada yake Luhende, alishikwa na uchungu alfajiri. Mpaka jua linatoka mtoto alikuwa hajashuka, na mama mtu mzima anayezalisha pale kijijini akasema hili limemshinda, apelekwe chini. Vijana wakakimbilia kanisani. Walipofika na machela, Mboje alikuwa ameshasimama mbele ya mlango wa Kabula, amekaza mkanda.

"Mwangaluka, guku," Luhende alimsalimu kwa Kisukuma; guku ni babu, na vijana wote walimwita hivyo. Akainamisha kichwa. "Leo naomba nikae mbele mimi. Huyu ni dada yangu."

"Mama yako alipokuwa na uchungu wako wewe, nani alikuwa mbele?"

"Ni wewe, guku."

"Basi shika nyuma."

Luhende akashika nyuma. Angefanyaje? Wakaondoka, kina mama wawili wakifuata na kanga na beseni, na Minza akaenda zake shambani kuchuma pamba na wenzake, roho yake haijatulia.

Mpaka Ngazi mambo yalikwenda. Mboje alikuwa akitoa amri na goti likimjibu kwa kuuma, lakini alijikaza. Kwenye mwamba wa tatu goti liliacha kuuma. Hilo ndilo lililomtisha. Alilitafuta mguuni asilipate, kana kwamba mguu ni wa mtu mwingine, na mbele yake kulikuwa na mwamba mrefu kupita yote. Nyuma ya shingo yake alisikia Kabula akihema. Alijua kabisa kwamba akinyanyua mguu hatausimamia, na wote watakwenda chini, na wa kwanza kufika atakuwa Kabula.

"Simameni," alisema. "Wekeni chini."

Hakuna aliyewahi kuweka machela chini pale Ngazi. Hakuna mahali pa kuiwekea. Wakaiegemeza juu ya miamba miwili na kuishikilia.

"Mnaniacha hapa?" Kabula aliuliza.

"Hakuna anayekuacha, mwanangu. Siwezi. Luhende, njoo mbele."

Lile "siwezi" alilitamka kwa sauti ya kawaida, na aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Luhende alipita pembeni, akainama, akaingiza bega, na machela ikaondoka. Mboje akabaki amekaa juu ya mwamba, anawasikiliza wakiondoka. Luhende alikuwa akitoa amri zilezile, neno kwa neno, na alizitoa vizuri. Mboje alitamani kusikia kosa, hakulisikia.

Alishuka kwa makalio, mwamba kwa mwamba, kama mtoto anayejifunza. Alipofika zahanati Kabula alikuwa ameshajifungua mtoto wa kike, mzima, analia kwa nguvu zote. Vijana walimpigia Mboje makofi ya heshima, naye akaitikia, lakini hakuweza kusimama kuwasogelea. Muuguzi alilishika goti, akalibonyeza huku na huku, akatikisa kichwa.

"Mzee, utatembea uani kwa fimbo. Mlima huu usahau."

Luhende alimpigia simu Esteria, ambaye ameolewa Bariadi mjini na mumewe ana bajaji. Kabla ya jua kuinama bajaji ilikuwa imefika mlangoni pa zahanati. Esteria alishuka, akapiga goti kumwamkia baba yake, kisha akaanza. Hakuwa na maneno mabaya. Hilo ndilo lililomchosha Mboje, kwamba yote yalikuwa ya kweli.

"Baba, twende kwangu. Maji yapo bombani, uani. Hospitali iko karibu. Kule juu utaishije na huo mguu? Mama atakutekea maji mpaka lini?"

"Mama yako nimemwacha shambani. Hata sikumuaga."

"Nitapanda kumfuata mwenyewe kesho. Nitamleta."

Minza alishawahi kulala mjini kwa Esteria, akarudi akisema maji ya bomba yananuka chuma na majirani hawasalimiani. Hangeshuka. Na yeye mwenyewe akiingia kwenye ile bajaji, angerudi Itale siku moja tu, na siku hiyo hangekuwa na habari. Wangempandisha vijana hawahawa, Minza angelia kule juu, na yeye angekuwa wa mwisho kujua kwamba amefika nyumbani.

Akamgeukia Luhende. "Machela mnairudisha tupu?"

"Ndiyo, guku."

"Nipandisheni mimi."

Vijana wakatazamana. Mmoja alicheka, akadhani ni utani, akaacha kucheka.

"Guku, mtu aliye hai hapandishwi," Luhende alisema taratibu. "Kina mama wako mashambani. Wakituona tunapanda na mtu watalia. Na ukishaliliwa..."

Hakumalizia, wala haikuwa na haja. Esteria alijaribu kupiga simu juu, namba ya jirani, wapate kuambiwa. Haipatikani. Kule simu huchajiwa dukani kwa zamu, na msimu wa pamba hakuna mwenye nafasi ya kupanga foleni.

"Baba, unaona?" Esteria akasema. Machozi yalishamjaa. "Unataka kujitabiria mabaya kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mama yako," Mboje alijibu. "Na kwa ajili yangu. Nimewapandisha watu wengi pale, Esteria, na hata mmoja hakuona njia. Mimi nataka kuiona."

Esteria akakaa kwenye ukingo wa bajaji, akafunika uso kwa kitenge. Mumewe alijishughulisha kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Luhende alikuna kichwa muda mrefu, akatoka na shauri lake: wampandishe, lakini akae kitako. Maiti haikai. Atakayewaona kutoka juu ataona mtu amekaa, atajua. Mboje akakubali, na Esteria, alipoona shauri limeshakatwa, akaondoa kitenge usoni akakikunja kuwa mto wa goti.

Kukaa kwenye machela inayopanda mlima ni adhabu, nani asijue. Ngozi inabonyea, miti inakubana mapaja, na wabebaji wanakutukana kimoyomoyo kwa sababu uzito hautulii. Safari hii waliokuwa na kazi ni wa nyuma, na Luhende alijipanga huko mwenyewe. Mboje alishika miti kwa mikono yote miwili. Aliyaona mawe ambayo kwa miaka yote aliyajua kwa nyayo tu. Aliona mti mdogo umeota kwenye ufa wa jiwe, akashangaa haujafa. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtia aibu kidogo, maana vijana walikuwa wanatiririka jasho.

Walipofika Ngazi, mambo yakakataa. Machela iliinuka mbele, Mboje akateleza kwenda nyuma, kidogo amwangukie Luhende kifuani. Wakajaribu tena, akateleza tena.

"Guku, lala," Luhende alisema, anahema. "Hapa ni kulala au kuanguka."

Mboje akalala. Wakaanza kupanda miamba polepole, na yeye akiangalia mbingu. Ndipo kule juu, kwenye mashamba ya ukingoni, sauti moja ya mwanamke ilipopasua, ikafuatwa na nyingine, na nyingine. Walikuwa wameiona machela. Walikuwa wameona mtu amelala.

Vijana wakaganda palepale. Mboje alisikiliza. Kati ya zile sauti aliitambua ya Minza, maana ameishi nayo, akiimba, akigomba, akisali rozari, lakini hakuwahi kuisikia hivi. Alikuwa akilia jina lake. Alikuwa amejua bila kuambiwa kwamba ni yeye. Mboje alisikia baridi mwilini mote, na, tusifichane, alisikia na utamu. Mtu haambiwi mambo hayo akiwa bado na masikio ya kuyasikia. Kwa muda mfupi alitaka kunyamaza asikie yote.

Kisha akaona hiyo ni dhambi, akajaza kifua pumzi.

"Luhende, bega la kushoto limelala. Inua! Wa mbele, mwamba wa kulia, kanyaga pana. Nani amewaambia msimame? Mnataka nizeekee hapa?"

Sauti ilipiga mawe ikapanda. Vijana wakaanza kucheka, wakainua, na yeye akaendelea kugomba kwa nguvu zaidi kuliko alivyowahi kugomba maishani, akimkosoa hata aliyekuwa hajakosea. Kule juu vilio vilianza kukatika, kimoja kimoja. Cha Minza kilikuwa cha mwisho.

Walimkuta juu ya Ngazi, amekwishashuka mbio, mfuko wa pamba bado umefungwa kiunoni na kanga imemdondoka kichwani. Wakaweka machela chini. Mboje akajiinua akakaa, akatafuta la kusema, akaanza kumweleza habari za Kabula, kwamba amejifungua salama mtoto wa kike. Minza hakuwa anasikiliza. Alimshika uso kwa mikono yake yote miwili, mikono iliyochanwachanwa na vikonyo vya pamba, akamwangalia kama anayemkagua ng'ombe mnadani.

"Nimekulilia, Baba Esteria," alisema. "Watu wote wamenisikia."

"Nilikusikia."

"Basi machozi yako nimeyamaliza. Ukifa kweli sina mengine. Kwa hiyo kaa."

Mboje akasema atakaa.