Watetezi Wawili wa Delaney

Tarehe 9 Novemba 2023, Verlene Stucky alisimama mbele ya jaji wa Kaunti ya Harlow, magharibi mwa jimbo la Kansas, akakabidhi ripoti ambayo mahali pa pendekezo palikuwa patupu. Jalada la mahakama linaonyesha hivyo. Ni Verlene huyo huyo ambaye kwa miaka saba alikuwa akiwarudishia watu ripoti za namna hiyo, ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Unapendekeza nini?"

Kazi yake ni kuwasimamia watetezi wa kujitolea. Hao ni raia wa kawaida, wengi wao wastaafu, wanaoapishwa na jaji ili kila mmoja amfuatilie mtoto mmoja aliyeondolewa kwao kwa sababu ya kupigwa au kutelekezwa. Mtetezi humtembelea mtoto, huongea na mwalimu, mzazi na mlezi, kisha humweleza jaji alichokiona na mahali anapodhani mtoto yule angefaa kuishi. Si wakili na halipwi. Haruhusiwi kumpa mtoto zawadi wala kumpakia garini. Verlene huwatafuta watu hao, huwafundisha, husoma ripoti zao na huwabembeleza wasiache. Kubembeleza ndiko kunakomlia muda.

Kabla ya hapo alikuwa mpima hasara wa bima ya mazao. Mvua ya mawe ikipiga mashamba ya ngano, Verlene alikuja na viatu vyake vya mpira, akainama, akapasua mashina kwa ukucha na kuondoka na namba. Asilimia arobaini na mbili. Mkulima alikasirika, kampuni ilikasirika, lakini namba ilikuwepo. Aliipenda kazi ile kwa sababu hiyo. Magoti yalipochoka akahamia kwa watoto, na kalamu nyekundu akaja nayo.

Kosa lake lilianza Septemba, na lilikuwa kosa la watu wa kwao. Huko mtu mwema hamwambii mwenzake hapana usoni.

Delaney Pruitt ana miaka tisa. Mama yake, Shawna, alimwacha peke yake siku mbili za baridi kali ndani ya nyumba ya mabati, yeye mwenyewe akiwa amezama kwenye dawa za kulevya. Sasa Shawna ameacha dawa zaidi ya mwaka, anafua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na anamtaka mwanawe. Joyce Wiebe na mumewe, walezi waliopewa mtoto kwa muda, nao wanamtaka, na wanamtaka moja kwa moja. Mtetezi wa Delaney tangu mwanzo alikuwa Ardis Koehn, mwalimu wa kinanda, mwenye miaka sabini na sita. Kiangazi kile Ardis alifanyiwa upasuaji wa goti, Verlene akamweka Lonnie Baca, dereva wa treni aliyestaafu, ashike nafasi yake.

Goti lilipona haraka kuliko madaktari walivyosema. Ardis akaja ofisini na fimbo, akasema, "Nimerudi, mwanangu. Delaney atakuwa ananingoja." Verlene alimfikiria Lonnie, aliyekwisha kujifunza majina ya ndama wote wa kina Wiebe. Kanuni ni mtoto mmoja, mtetezi mmoja. Alifungua kinywa aseme hivyo, kikatoka kitu kingine. "Vizuri sana, Ardis. Mtasaidiana."

Hawakusaidiana. Ardis alikwenda siku zake, Lonnie zake, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi kwa adabu. Jumatatu ya wiki ya kesi wakakutana kwenye ofisi ya Verlene, chumba cha chini kabisa katika jengo la mahakama. Verlene alikuwa ameandaa supu ya maharagwe na nyama, yenye pilipili, pamoja na mikate ya mdalasini, kama inavyoliwa kwao. Alhamisi jaji angeamua kama Delaney aendelee kuandaliwa kurudi kwa mama yake, au mpango huo ufutwe na kina Wiebe waanze taratibu za kumfanya mtoto wao.

"Ameniambia kwa mdomo wake," Ardis alisema. "Anataka kurudi kwa mama. Alinishika mkono, Verlene. Mtoto hakudanganyi huku amekushika mkono."

Lonnie aliweka kijiko chini. "Mwalimu, samahani." Alimwita hivyo kwa sababu binti zake wawili walijifunza kinanda kwake. "Mimi hakunishika mkono, alikuwa anakula. Lakini alisema anataka kubaki pale pale kwa Joyce. Alisema mara mbili."

"Labda ulimuuliza vibaya."

"Nilimuuliza kama bosi alivyotufundisha. Ungekuwa unachagua mwenyewe, ungependa kuishi wapi?"

"Hata mimi."

"Basi mmoja wetu ni kiziwi."

"Mimi nafundisha muziki, Lonnie. Masikio yangu mazima. Wewe ndiye uliyekaa miaka yote hiyo unapiga honi."

"Jamani, mikate inapoa," Verlene alisema.

Walipoondoka, Ardis alipiga simu akiwa bado yuko kwenye maegesho. "Sitaki kumsema Lonnie, ni mtu mzuri mno, lakini huyo hajui kusikiliza." Simu haijakatika vizuri, Lonnie akarudi kuchukua kofia aliyoisahau makusudi. "Sitaki kumsema Mwalimu, bosi. Lakini machozi yake yako karibu. Mtoto anamhurumia."

Verlene alikaa na ripoti mbili mbele yake. Alitafuta mwongo, hakumpata. Alifikiri labda Joyce husikiliza kutoka chumba cha pili, lakini Lonnie alisema Joyce huwa nje na ndama. Alifikiri labda Shawna humfundisha mtoto maneno kwenye simu, lakini simu zile husikilizwa na mtu wa ustawi wa jamii. Akampigia mwalimu wa darasa la Delaney.

"Delaney hana shida," alisema. "Hilo lenyewe linanitia wasiwasi. Ukimuuliza anapenda rangi gani, anaitazama nguo yako kwanza."

Verlene alimshukuru, akakata simu, akazidi kuchanganyikiwa. Kama mtoto alimjibu kila mtu kwa rangi ya nguo yake, jibu lake mwenyewe lilikuwa wapi?

Jumatano akaenda mwenyewe. Nyumba ya kina Wiebe iko nje ya mji, ng'ambo ya maghala ya nafaka. Joyce alimkaribisha, akamwekea kahawa, kisha akavaa koti akatoka kwenda kwa ndama bila kuambiwa. Delaney alikuwa mezani jikoni, anakata picha za farasi kutoka kwenye gazeti la mnada wa mifugo.

"Wewe ndiye bosi wao?" aliuliza.

"Ndiyo. Naitwa Verlene."

"Umekuja kuniuliza?"

"Hapana. Nimekuja tu."

"Watu huwa hawaji tu," Delaney alisema, akaendelea kukata.

Verlene alikunywa kahawa. Hakuwa na mpango. Kila swali alilolijua alikuwa amewafundisha wengine kuliuliza, na limekwisha kuulizwa.

"Bibi Ardis akiniuliza anafanya hivi." Delaney aliinamisha kichwa upande, akavuta midomo chini, na kwa kitambo kidogo Ardis Koehn alikuwa amekaa pale mezani. Verlene nusura acheke. "Nikisema nataka mama, anafurahi. Ananipa pipi."

"Pipi haziruhusiwi."

"Najua. Anasema tusikwambie."

"Na Lonnie?"

"Lonnie haniangalii mimi, anaangalia jiko. Anasema, 'Hapa kuna joto, au siyo?' Nikisema hapa pazuri, anapumua hivi, pfuu." Alishusha mabega. Alikuwa Lonnie mtupu, ilikosekana kofia tu.

"Na kama hakuna mtu anayekutazama? Uko peke yako?"

Delaney alimkodolea macho kama mtu aliyeulizwa kitu cha kipuuzi. "Nikiwa peke yangu siulizwi."

Nje ndama alilia, Joyce akamjibu. Delaney aliweka mkasi chini.

"Mkishajua jibu, wao wanaacha kuja?"

Yapo maneno laini ya kumwambia mtoto kwenye swali kama hilo, na Verlene huyafundisha kila mwaka. Aliyatafuta, hayakuja. "Kesi ikiisha, ndiyo. Wanaacha."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Delaney alichukua tena mkasi, akazunguka sikio la farasi polepole asilikate. "Basi mimi sijui," alisema.

Verlene aliendesha gari kurudi mjini, akapitiliza njia panda ya kwake bila kujitambua. Hakujua amesikia nini. Huenda mtoto alikuwa amesema kweli kwa mara ya kwanza: hajui. Huenda alikuwa amegundua namna ya kuwabakiza wageni wake. Na huenda, hili ndilo lililomkosesha raha, alikuwa amemtazama Verlene usoni, akaona mwanamke ambaye hajui, akampa jibu la rangi hiyo hiyo.

Kingine kikamjia, kikavuruga hata kile kidogo alichokuwa ameshakipanga. Kama Septemba angesema hapana, leo angekuwa na mtetezi mmoja na jibu moja. Ripoti ingeandikwa vizuri, ingependekeza, angeipitisha bila wino mwekundu. Katika miaka saba, ni ripoti ngapi alizipitisha hivyo?

Alhamisi chumba cha mahakama kilikuwa na watu wachache, kama kesi za watoto zinavyotakiwa kuwa. Shawna alikaa na wakili wake, amevaa sare ya kufulia kwa kuwa zamu yake ilianza saa saba mchana. Kina Wiebe walikaa nyuma. Ardis na Lonnie walikaa benchi moja, katikati yao pameachwa nafasi ya mtu wa tatu.

Jaji Tolliver aligeuza karatasi ya mwisho, akaigeuza tena. "Bi Stucky, umesahau ukurasa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hatujui."

Wakili wa kaunti alisimama, kijana mwenye haraka. "Mheshimiwa, mtoto amekaa kwa walezi karibu miaka miwili. Kila mtu humu ndani ana maoni. Ofisi ya Bi Stucky peke yake ndiyo imekuja mikono mitupu."

"Watu wawili wamemuuliza, wamepewa majibu mawili," Verlene alisema. "Na wote wawili nawaamini."

"Hilo haliwezekani."

"Ndiyo maana nimechanganyikiwa."

Jaji alivua miwani. Baba yake alilima ngano kaskazini ya kaunti mpaka alipozeeka. "Bi Stucky, uliwahi kuja kupima shamba letu. Unakumbuka?"

"Namkumbuka mzee, Mheshimiwa. Alinitukana."

"Alikutukana sana. Mawe yalipiga Jumapili, alitaka umpe namba Jumatatu. Wewe ukasema utarudi baada ya siku kumi."

"Siku ile ile huwezi kusema, Mheshimiwa. Shina lililolala unadhani limekufa, kumbe litainuka. Lililosimama unadhani zima, kumbe limepasuka ndani. Unauacha mmea ujionyeshe wenyewe."

"Kwa heshima zote," wakili wa kaunti alisema, "hii siyo ngano."

"Hapana," Verlene alikubali. "Ngano haikutazami usoni kabla ya kujibu."

Shawna akanyoosha mkono kama mtoto darasani. Wakili wake alimvuta sare, hakusikia.

"Mimi namtaka arudi, Mheshimiwa. Nataka mwandike hivyo. Lakini anachosema huyo mama ni kweli. Akinipigia simu anaanza, 'Mama, uko sawa?' Mpaka nimjibu ndio anaanza kuongea." Alifuta pua kwa kiganja. "Alijifunza kunisoma mimi kabla hajajua kusoma kitabu. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo."

Kule nyuma Joyce Wiebe aliinama akatazama mikono yake. Jaji alivaa tena miwani.

"Kanuni ni mtoto mmoja, mtetezi mmoja," jaji alisema mwishowe. "Naahirisha. Lakini nani anabaki, Bi Stucky?"

Verlene aliwatazama pale kwenye benchi. Kumbakiza Ardis ilikuwa kumchagua Shawna. Kumbakiza Lonnie ilikuwa kuwachagua kina Wiebe. Kuleta mtu mpya ilikuwa kumpa Delaney uso mwingine wa kuusoma.

"Wote wawili, Mheshimiwa, kama utaniruhusu kuivunja kanuni. Ila waende pamoja, siku moja, wakae meza moja. Na swali hilo asiulizwe na mtu yeyote mpaka tutakaporudi hapa."

"Akiwaona wote wawili kwa pamoja, amjibu yupi?" wakili wa kaunti aliuliza, na safari hii hakuwa anakejeli.

"Sijui," Verlene alisema.

Jaji aliandika amri. Nje kwenye korido Ardis alimshika Verlene kiwiko, fimbo ikining'inia mkononi.

"Hata kidogo tu, mwanangu? Kumuuliza kwa kuzungukazunguka?"

"Hapana," Verlene alisema. Ardis alipepesa macho kama aliyemwagiwa maji. "Na pipi pia, hapana."

"Mwalimu!" Lonnie alisema. "Kumbe ulikuwa unahonga?"

"Kaa kimya wewe. Tunaenda na gari langu."

"Lile? Mwalimu, mimi nimeendesha treni, lakini lile gari lako naliogopa."

Amri ya jaji inasema kesi itasikilizwa tena Alhamisi, tarehe 1 Februari 2024, na mpaka hapo Delaney atabaki kwa kina Wiebe na ataendelea kuongea na mama yake kwa simu. Jumanne ijayo, saa kumi jioni, Ardis na Lonnie watakwenda kumtembelea kwa gari la Lonnie. Watakaa jikoni, watamsaidia kukata picha za farasi, na hawatamuuliza.