Mfagiaji anayejifunza kutopunguza neno

Saa mbili asubuhi, korido ya kliniki ya wajawazito bado imelowa. Mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli ya buluu anapiga deki huku akiwatania wanaokanyaga pasipokauka.

"Inua miguu, mama kijacho! Ukiteleza hapa nitafukuzwa kazi mimi, wewe utapewa pole."

Mlango wa chumba cha daktari unafunguka. Muuguzi anachungulia. "Mikono! Njoo basi, fundi wako ameshaingia."

Mikono, kama wanavyomwita wote hapa, anaegemeza fagio la deki ukutani, anavua glavu na kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Anasema hakuna mgonjwa anayestahili kuzungumziwa na mikono inayonuka dawa ya choo. Kisha anaingia na kusimama kando ya daktari.

"Daktari, kama kawaida yangu. Mimi ni mkalimani asiye rasmi. Nikikosea, usiilaumu hospitali."

Mbele yao ameketi fundi wa kushona nguo, tumbo limetangulia. Ni mimba yake ya kwanza, na tangu utotoni hasikii. Kila anachosema daktari humfikia kupitia vidole vya mfagiaji huyu.

Neno hilo, asiye rasmi, Mikono hulitamka bila aibu. Kinachompandisha hasira ni kuitwa mkalimani feki.

"Feki ni mtu anayejifanya. Mimi najifanya nini? Nasema wazi sina kibali. Baada ya hapo ukitaka nisikilize, usipotaka nirudishe kwenye ndoo yangu."

Lugha ya alama aliijulia nyumbani. Mdogo wake wa kiume aliugua homa kali akiwa mtoto, akapona, lakini masikio hayakurudi. Leo ni seremala mwenye karakana yake. Utotoni dada mtu alikuwa ndiye redio yake.

"Mama akisema, mimi natafsiri. Jirani akisema, mimi natafsiri. Watoto wenzake wakimtukana, hapo redio inakosa mawimbi," anasema na kucheka.

Alipoajiriwa hospitalini kama mtu wa usafi, hakudhani mikono ile ingemfuata kazini. Siku moja alimkuta karani wa mapokezi akimpigia kelele mzee kiziwi, kana kwamba ukali wa sauti hufungua masikio. Akaacha ndoo, akasogea. Tangu siku hiyo akiletwa mgonjwa asiyesikia, huitwa yeye. Mshahara umebaki ule ule wa usafi, na msimamizi wake hununa kila akiikuta ndoo imesimama peke yake.

Kazi ina vituko vyake. Mkalimani hasemi "mgonjwa anaumwa". Huvaa maneno ya mwenyewe na kusema "naumwa". Muuguzi mmoja mgeni hakulijua hilo. Mikono aliposema kwa huzuni, "Kiuno kinaniua na tangu juzi natapika," yule binti alimkalisha kitini, akampandisha mkono wa ovaroli na kumfunga mpira.

"Sindano ilikuwa tayari! Mgonjwa mwenyewe anatuangalia tu, anacheka mpaka anasahau kiuno."

Lakini siku za utani zinayoyoma. Uongozi wa hospitali umetangaza kwamba kuanzia mwezi ujao hataingia kwa daktari wala chumba cha kujifungulia mkalimani yeyote ambaye hajaidhinishwa. Fundi anatarajiwa kujifungua mwezi huo huo. Wenye kibali ni wachache na wanazunguka hospitali nyingi. Huenda siku ya uchungu asipatikane hata mmoja.

Hapo ungetegemea Mikono afoke. Hafoki. "Wako sahihi," anasema. "Mtu anakuweka kati yake na daktari wake. Lazima mtu akupime kwanza."

Alijaribu mtihani wa kibali mara moja, akaanguka. Mbele ya jopo lenye viziwi wawili, alipewa mazungumzo ya daktari mkali na mgonjwa mwenye habari mbaya. Alama zake zilikuwa safi. Ila ukali wa daktari aliulainisha, na ile habari mbaya akaifungia kwenye pamba.

"Waliniambia, mikono yako mizuri, lakini unatuhurumia mno. Iliniuma, jamani. Nilidhani huruma ndiyo iliyoniingiza kwenye kazi hii."

Anarudia mtihani Alhamisi ijayo, nafasi ya mwisho kabla ya amri kuanza. Mwalimu wake ni mdogo wake, ambaye kila Jumapili humkalisha kwenye karakana, katikati ya vumbi la mbao, na kumtukana kwa alama. Kazi ya dada ni kuyasema matusi hayo kwa sauti, yote, bila kuyachuja. Wateja wanaosubiri viti vyao hufurahi kupita kiasi.

Jumapili iliyopita mwandishi wa makala haya alimuuliza seremala kwa nini anamkazia dada yake kiasi hicho. Mkalimani aliyekuwepo ni mmoja tu, dada mwenyewe. Kwa hiyo jibu lilitoka kinywani mwake, kwa maneno ya mdogo wake.

"Baba alipolazwa, daktari alisema hana siku nyingi. Dada yangu akaniambia anapata nafuu. Mimi nikamwamini, nikaenda kumalizia kabati la watu. Niliporudi nikakuta baba amefunikwa shuka. Kila mtu alikuwa amemuaga isipokuwa mimi."

Sauti ya Mikono ilikuwa imeanza kukatika. Mikono ya seremala ilikuwa bado inaendelea.

"Simchukii dada yangu. Ananipenda. Lakini alinipenda kama mtoto, na mimi nilikuwa mtu mzima."

Alipomaliza, Mikono alijifuta macho kwa kitenge na kuuliza, kwa sauti na kwa alama, kama kuna lolote aliloacha. Mdogo wake akatikisa kichwa. Kisha akamletea maji ya kunywa.

Ndiyo maana asubuhi hii, katika chumba cha daktari, kuna jambo la kuangaliwa. Daktari amemaliza kupima, na uso wake hauna mzaha. Fundi ameridhia mwandishi akae kwenye benchi la pembeni.

"Mtoto amelala kwa kukingama," anasema daktari. "Asipogeuka, utajifungua kwa upasuaji. Na presha imepanda, hiyo inanitia wasiwasi zaidi."

Vidole vya Mikono vinasita. Mtu akiwa karibu anaona kabisa anavyotafuta pamba. Halafu vinaanza kusema: mtoto amekingama, upasuaji, presha, wasiwasi. Hakuna kilichoachwa.

Fundi anajibu kwa alama za haraka, na Mikono anazitamka kwa kasi ile ile.

"Mtoto wangu anaweza kufa?"

Daktari anamtazama fundi, si mkalimani. "Hatari ipo. Ndiyo maana nataka nikuone kila wiki. Damu ikitoka, au kichwa kikiuma sana, njoo hapo hapo. Usingoje miadi."

Yote yanapita. Fundi analia kidogo, anajifuta, anauliza kuhusu upasuaji, anauliza tena. Anaporidhika anamgeukia Mikono na kumwambia jambo. Daktari anataka kujua kimesemwa nini, na kwa kuwa kazi ni kazi, Mikono analitamka.

"Siku zote nilikuwa naangalia uso wako, najua kuna kitu unanificha. Leo hujanificha. Siku ya kujifungua nakutaka wewe."

Nje, Mikono analichukua fagio lake. Sakafu imeshakauka na imekanyagwa upya. Matumaini yake hayana mapambo: apite Alhamisi, apewe kibali, asimame kando ya kitanda cha fundi.

Na asipopita?

Anaegemea fagio. "Mtu ataniambia nimwambie fundi taratibu, nimwambie bado wanaangalia majibu. Hapana. Nikianguka, Alhamisi hiyo hiyo nakwenda kwenye cherehani yake, namsimamisha kazi, namwambia: nimeanguka, sitakuwepo, tutafute mwingine. Atalia, na mimi nitalia. Lakini atakuwa anajua."