Zifunge Zingali za Moto

Mwalimu wa chekechea hakuwa na mpinzani katika krispi za ndizi. Alichukua ndizi za kupika, mbichi, ngumu kama rungu, akazikata vipande vyembamba na kuzikaanga, na mtu akitafuna unamsikia chumba cha pili. Walimu wenzake walizigombea saa ya chai.

Aliyefunzwa naye kazi hiyo ni mmoja tu: wifi yake msusi, dada wa mumewe. Kila Jumamosi walikaa jikoni pamoja, wakimenya na kuteta watu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Siku moja mwalimu mkuu akamwita ofisini.

"Mwalimu, hizo krispi usizilete tena. Wazazi wanasema unakaangia mafuta yaliyooza. Eti kuna mtoto ameharisha."

Alipochimba, maneno yalitokea saluni. Na mwezi uleule, pembeni ya kioo cha wifi, zikaning'inia pakiti za krispi za ndizi.

Mwalimu hakugomba. Mumewe alimsihi asilikuze jambo, naye akajibu, "Kwani nimesema kitu?" Lakini roho ilimchemka, na akaamua kungoja.

Hakungoja sana. Wifi alikuja mbio: Jumapili anafungua saluni ya pili, amealika mtaa mzima, na krispi zake zikilala tu zinalegea.

"Nisaidie, wifi yangu. Nakosea wapi?"

Mwalimu alimmiminia chai kwanza. "Unaziacha zipoe, ndiyo maana. Zikitoka kwenye mafuta, zifunge zingali za moto. Usifungue hata moja mpaka wageni wakae."

"Wifi, Mungu akuweke!"

"Amina," akasema mwalimu, huku akijua fika kwamba mvuke ukifungiwa ndani hugeuka maji.

Jumapili wageni wakafungua pakiti. Vipande vikawapindia vidoleni kama ngozi iliyorowa. Bibi mmoja akauliza, "Mwanangu, hizi umezichemsha?" Watu wakaangua kicheko.

Hapo mwalimu, aliyekaa mstari wa mbele, akafungua kopo lake na kutafuna. Kwa! Kwa! Shingo zikageuka.

"Hizi ndizo zile za mafuta yaliyooza," akatangaza kwa sauti yake ya darasani. "Anayeogopa kuharisha asile."

Kopo likazunguka likarudi tupu. Mwalimu mkuu mwenyewe alichota mara mbili.

Msusi alimfuata nje, wanja umemtiririka mashavuni. "Ulijua!"

"Nilijua. Kama wewe ulivyojua mafuta yangu ni safi."

Mume wa mwalimu alinuna wiki mbili. Wifi hajakanyaga kwao tangu siku hiyo, na salamu zake hupitia kwa mama mkwe. Mwalimu hasemi kwamba alikosea. Jumatatu mwalimu mkuu alimsimamisha koridoni, akikohoakohoa, akamwambia sasa ruksa, azilete tu.

"Nitafikiria," alimjibu, akaingia darasani. Muhula umekwisha, na bado anafikiria.