Maneno Saba ya Mama

Bendi nzima ilimwita Rula, na jina hilo hakulichukia. Alikuwa fundi lifti katika jengo la maofisi lenye ghorofa kumi na nne, na jioni za Jumatano na mchana wa Jumamosi alipiga dramu. Watu walisema ukimzaba Rula kofi leo atalirudisha, lakini kwanza atahesabu mapigo saba. Naye alicheka nao. Kazini alikuwa hivyo hivyo. Aliweza kusimama kwenye korido, akasikiliza waya za lifti zikivuta, akakuambia ule wa kushoto umeanza kulika. Walipoufungua waliukuta umelika kweli.

Bendi yao ilipiga roki, lakini si ile ya kurukaruka. Walipiga nyimbo za dakika kumi na tano, ishirini, zenye mapigo yanayobadilika katikati ya njia, mara saba, mara kumi na moja, ukijaribu kucheza miguu inakukwama kama umevaa viatu vya mwenzio. Wenyewe waliiita progresivu. Aliyezitunga nyimbo hizo alikuwa Profesa, ambaye hakuwa profesa bali mwalimu wa hesabu, na alipiga kinanda. Gitaa alilipiga Kinyozi, kwa sababu alikuwa kinyozi. Na aliyeimba alikuwa mdogo wake Rula, binti wa mwisho wa mama yao, mfanyakazi wa duka la dobi, mwenye sauti iliyowafanya watu waache kutafuna.

Hapo ndipo ugomvi wa bendi ulipokaa siku zote. Profesa alitaka usahihi. Dada alitaka moyo.

"Unaimba vizuri lakini unaingia kabla ya pigo," Profesa alimwambia.

"Ninaingia nikiumia, mwalimu. Maumivu hayana rula."

"Rula tunaye huyu hapa nyuma, anakungoja wewe."

Wakacheka, wakaendelea. Kwa miaka minne mambo yalikwenda hivyo, huyu akivuta huku na yule kule, na kwa kweli muziki wao uliishi katika mvutano ule.

Kisha mama yao akaugua, akalazwa, na siku ya tisa akafariki. Asubuhi ile alimpigia Rula simu, naye alikuwa ndani ya shimo la lifti, mikono yote miwili imejaa grisi. Hakupokea. Mama akapiga kwa binti, akamkosa pia, akaacha ujumbe wa sauti. Binti aliusikiliza saa nane mchana, na saa tisa walipofika wodini walikuta kitanda kimeshatandikwa upya.

Rula hakulia msibani. Alipanga viti, alihesabu sahani, alisimamia maji. Shangazi mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba yule ana mashine kifuani. Aliyasikia. Akaenda kuongeza viti.

Mwezi mmoja baadaye walirudi mazoezini, kwenye stoo nyuma ya karakana ya fanicha, penye harufu ya vanishi. Dada aliimba siku hiyo hata Kinyozi akakosea kamba. Profesa aliacha kinanda, akamgeukia.

"Hiki ndicho nilikuwa nakitafuta," alisema. "Kimetoka wapi?"

Dada, masikini, akamweleza. Akamtolea simu, akamsikilizisha ujumbe wa mama.

Jumamosi iliyofuata Profesa alikuja na wimbo mpya. Alikuwa ameomba ujumbe ule, akapewa, akaukata kwa kompyuta, kila neno likakaa kwenye kitufe chake cha kinanda. Maneno yalikuwa saba, mapigo yalikuwa saba. *Mwanangu. Niletee. Lile. Shuka. Hapa. Baridi. Inaingia.* Alibonyeza, na mama yao akasema katika stoo ile, kwa mpangilio, bila kupumua.

Kinyozi alishika kichwa. "Jamani, hii si dhambi?"

"Ni hesabu na moyo pamoja," Profesa alisema. "Si ndiyo mlikuwa mnagombania?"

Wote wakamgeukia Rula, maana alikuwa mkubwa wa ile familia na neno lake lingetosha. Yeye akamwangalia mdogo wake. Macho ya binti yalikuwa yanang'aa kama ya mtu mwenye homa.

"Tupige, Kaka," akasema. "Angalau namsikia."

Rula akashika vijiti. Alipiga saba zile bila kosa hata moja, na hakuhisi kitu, na kutohisi kule ndiko kulikomtisha njia nzima ya kurudi nyumbani.

Dalili ya mvua ni mawingu. Binti akaanza kukonda. Kazini kwake mwenye duka alilalamika kwamba anapiga pasi shati moja nusu saa. Rula alipopita kwake siku moja mchana alikuta vikombe viwili mezani, vyote vina chai, kimoja hakijaguswa.

"Una mgeni?"

"Hapana," akajibu. Kisha akashusha sauti, "Ametoka kidogo."

Rula aliosha vikombe vile, akavifuta, akavipanga. Baadaye alijilaumu kwa vikombe vile kuliko kwa jambo lingine lolote. Mtu aliyeweza kusikia waya mmoja ukilika kati ya sita alisimama jikoni kwa mdogo wake, akasikia, na akakaa kimya.

Onyesho lilifanyika Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa chuo. Watu walijaa. Dakika ya kumi na mbili ya wimbo, Profesa akaanza kubonyeza, na sauti ya mama ikatoka kwenye spika kubwa kuliko nyumba yoyote aliyowahi kulala. Binti alitakiwa kuimba juu yake. Hakuimba. Alishusha maiki, akageukia spika.

"Nakuja, mama," akasema. "Shuka liko kwenye kamba, halijakauka."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama mmoja mstari wa mbele alijifuta machozi. Profesa akatabasamu, akarudia saba zile kwa nguvu zaidi, na binti akajibu tena, sasa akibishana, akiomba asubiriwe, akitembea kuelekea ukingo wa jukwaa bila kutazama chini. Katika ukumbi ule wote mtu mmoja tu alijua kwamba yale hayakuwa maigizo.

Rula hakuwahi kusimamisha wimbo maishani mwake. Safari hii vijiti vilimtoka. Aliruka juu ya dramu, sahani ya shaba ikaanguka na kelele, akamshika mdogo wake kiunoni hatua mbili kabla ya ukingo.

"Umeharibu!" Profesa alipiga kelele. "Dakika tatu tu zilikuwa zimebaki!"

Lakini lililomchoma ni la binti, aliyempiga ngumi kifuani akilia. "Kwa nini umemnyamazisha? Kaka, alikuwa anaongea na mimi!"

Alilazwa majuma saba, akapewa dawa na daktari mpole aliyesikiliza zaidi ya kusema. Simu yake ilibaki kwa Rula. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, akiwa peke yake kwenye chumba cha mitambo juu ya ghorofa ya kumi na nne, aliufungua ule ujumbe kwa mara ya kwanza ukiwa mzima. Maneno saba yalipita. Halafu pumzi, kikohozi, pumzi tena. Halafu mama akasema: "Na kaka yako mwambie asikimbie. Najua yuko kazini."

Profesa alikuwa amekikata kipande hicho. Hakikuenea kwenye saba.

Rula alilia, akaitwa mara tatu chini kwenye lifti, asiende.

Alimfuata Profesa shuleni, akamwomba aifute sauti ile. "Nimeshafuta, ndugu yangu," Profesa alimjibu, akipanga madaftari. Rula akaamini, maana alitaka kuamini. Alijitoa kwenye bendi, dramu akamwachia Kinyozi. Binti alitoka hospitali, akanenepa kidogo, akarudi dobi. Wakaanza kucheka tena, kwa uangalifu, kama watu wanaotembea sakafu iliyodekiwa.

Kisha asubuhi moja Rula akapita mtaa wa Kinyozi. Spika ya nje ya kibanda chake cha kunyolea ilikuwa inapiga wimbo mpya wa bendi. Mwimbaji mwingine, mpiga dramu mwingine. Na katikati, safi, bila pumzi: *Hapa. Baridi. Inaingia.*

Tangu siku hiyo humsindikiza mdogo wake kazini kila asubuhi, na hupita naye barabara ya nyuma, iliyo ndefu zaidi.

"Kwa nini tunazunguka, Kaka?"

"Kule wanachimba barabara."

"Bado tu?"

"Bado."

Juzi, walipofika kona inayokaribia mtaa ule, upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa Kinyozi. Binti alisimama ghafla, akainamisha kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Rula alimshika mkono, akamvuta, akaanza kuongea kwa sauti kubwa habari za lifti, za waya, za chochote. Alikuwa bado anaongea walipofika mlangoni kwa dobi, na binti alikuwa bado hajamjibu.