Mishale Kati ya Baba na Mama

Baba alipougua nilikuwa nasomea shahada ya pili, na utafiti wangu ulihusu kama ujuzi wa watu unaweza kuchorwa. Kila mtu ni nukta. Mshale kutoka nukta hii kwenda ile unaonyesha kwamba huyu anajua anachojua yule. Mshale ukizunguka na kurudi kwenye nukta yake mwenyewe, mtu huyo anajua kwamba anajua. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba inawezekana.

Daktari mjini Embu alituita kando, mimi na mama, akatuambia saratani imefika kwenye ini. Tuliporudi nyumbani, huku juu ya Runyenjes, mama alinivuta jikoni.

"Usimwambie baba yako," alisema. "Akijua, ataacha hata kula."

Kesho yake nilimkuta baba ameketi kwenye jerikeni katikati ya mibuni yake, amechoka kabla ya kuvuna chochote.

"Hii kitu haiponi," aliniambia. "Hata daktari alikuwa anaogopa kuniangalia. Lakini mama yako asijue. Ataanza kunililia nikiwa hai."

Nikamwahidi, kama nilivyokuwa nimemwahidi mama.

Nilijaribu kuchora. Wote wawili walijua, ila kila mmoja aliamini mwenzake hajui, na mimi peke yangu nilijua hayo yote. Mishale miwili tu ilikosekana, na yote ilikuwa mdomoni mwangu. Kisha mama akaniuliza, "Unadhani ameshuku?" Nikasema hapana. Jibu langu likaubadilisha mchoro. Nikachora upya, nikagundua lazima nijiweke ndani yake mimi ninayechora, na yule anayemchora huyo pia. Haukuwa na mwisho. Nikaiacha kalamu.

Jioni mama alikuwa akimpoozea baba uji.

"Mvua ikikatika nitapogoa hii kahawa," baba alisema.

"Utapogoa," mama akajibu. "Ukipata nguvu kidogo tu."

Wakanigeukia wote wawili. Nikasema nitakuja kumsaidia.

Baba alifariki kabla mvua haijakatika. Baada ya mazishi, wageni wakiwa wametawanyika, mama aliketi karibu nami akanishika mkono.

"Afadhali hakujua," alisema.

Alisubiri nikubali.